Kabla hamjaisikiliza ile voisi, nisikilizeni mimi

Wakuu, naomba niongee mwenyewe, maana ile voisi ya dakika nne kuhusu kilichonikuta kiwandani ishafika kwenye grupu la mafundi friji, ishafika kwa wanakwaya, na jana usiku dada yangu kanipigia kutoka Geita anauliza eti "kaka, umemkanyaga mtu kichwani?" Sijamkanyaga mtu kichwani. Nilimkanyaga begani. Na aliyekanyagwa ndo huyo huyo dogo msaidizi wangu aliyerekodi voisi, kwa hiyo mkimsikiliza mjue ana uchungu wake.

Ilikuwa Alhamisi, kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina silitaji kwa sababu hela yangu bado iko kwao. Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha na kufunga ditekta ya amonia kwenye chumba cha kompresa. Kwa wasiojua, wale samaki wanagandishwa kwa amonia, ndo inayozunguka kwenye yale mabomba, na amonia haina utani, ikifika 300 ppm, yaani sehemu 300 kwenye kila sehemu milioni za hewa, hapo ni kutoka mbio, maisha yako hatarini. Sasa ukutani panakaa kidude kinanusa saa 24. Kikisikia 25 kinawasha taa ya njano, kikifika 35 ni taa nyekundu, king'ora, feni kubwa ya kutoa hewa inaanza na kompresa zinajizima zenyewe bila kuuliza mtu.

Ditekta ya zamani ilikuwa inaleta folti, yaani hitilafu, kila wiki na nilipofika nikaelewa kwa nini. Fundi aliyepita aliifunga usawa wa goti! Nadhani alitokea kwenye majiko ya hoteli, kule gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo ditekta unaiweka chini. Amonia ni nyepesi, inapanda juu, we unaiwekea mlinzi miguuni itampita kichwani anaiangalia. Halafu pale chini wasafishaji wanapiga maji ya mpira kila jioni, kiboksi cha waya nimekifungua kikamwaga maji kama dafu. Hizi ditekta zinaongea na paneli, lile boksi linaloamrisha king'ora na kompresa, kwa miliampu za umeme, 4 maana yake sifuri, 20 maana yake mwisho wa kipimo, ikishuka chini ya 4 paneli inajua huyu anaumwa. Ile ya zamani ilikuwa inasoma 1 na kitu. Nikapandisha kila kitu juu karibu na dari, sensa mpya, waya mpya, nikahamisha na chaneli kwenye paneli, yaani njia ya kila ditekta, nikazipanga upya. King'ora nacho nikakifunga pale pale juu, nusu mita kutoka kwenye ditekta. Nilikipiga na picha nikaweka stetasi, mliona, mkanipa makofi.

Asubuhi ya Alhamisi meneja akaniomba niongee kidogo na wafanyakazi kuhusu kifaa kipya. Wakuu, niliongea! Akina mama wa kuchuna minofu wamejipanga na gambuti zao nyeupe na vile vikofia vya nailoni, mi niko mbele na barakoa ya gesi inaning'inia shingoni kama mtu wa kazi. Nikawaambia mkisikia king'ora msikimbie ovyo, angalieni kwanza upepo unatoka wapi muende unakotoka, mchana hapa upepo unatoka ziwani unaelekea mjini, kwa hiyo geti mlisahau kabisa, nendeni upande wa gati. Mama mmoja akaniuliza, "Na wewe baba utakimbilia wapi?" Nikacheka. Nikamjibu, "Mama, mi ndo natoka wa mwisho."

Naomba hiyo sentensi muikumbuke, maana yeye hakuisahau.

Saa nane mchana tukaanza kupima. Unakuwa na kachupa ka gesi ya majaribio, kangu ni amonia 50 ppm, unafunga regyuleta inayotoa nusu lita kwa dakika, unapeleka kampira mpaka kwenye kikombe unachokivisha kwenye sensa, halafu unasubiri uone inasoma ngapi. Lakini kabla ya hapo, na hili naliandika polepole, unazungusha kifunguo cha baipasi kwenye paneli, ili ile chaneli unayoipima isome namba tu bila kuamrisha king'ora wala kompresa. Chaneli zote nilikuwa nimezibandika selotepu nyeupe na kuandika kwa maka peni, mwandiko wangu mwenyewe, Jumanne saa moja usiku, nikiwa na njaa. Nikaitafuta iliyoandikwa CHUMBA CHA KOMPRESA, chaneli ya 3, nikaifunga, kataa ka baipasi kakawaka. Safi.

Chumba cha kompresa kilikuwa chaneli ya 2.

Sa niko juu ya ngazi. Dogo yuko chini, mkono mmoja kashika ngazi, mwingine ana maltimita ananisomea miliampu, mi nasoma ppm kwenye kioo cha ditekta. Nikavisha kikombe, nikafungua gesi. Sifuri. Sifuri. 4. Nikasikia raha, wale mliowahi kufunga kitu kikawaka mnaielewa. 11. Dogo anaimba huko chini, "Tano nukta nane kaka." 19. "Saba kaka." 25. "Nane kamili kaka, halafu kuna taa ya njano imewaka hapa."

Nikamwambia, "Soma namba, achana na mambo ya taa."

Kweli nilisema hivyo. Kwenye voisi dogo ananiigiza sauti hapo na naomba niseme anaigiza vizuri kishenzi.

29. 33. "Tisa na nusu kaka." Nikatabasamu, mwenyewe, juu ya ngazi, nikageuza shavu kuangalia kioo cha ditekta vizuri, yaani sikio langu la kulia likaangalia king'ora uso kwa uso. 35.

Ile sauti siwezi kuwaandikia. Haikuingia masikioni, iliingia kwenye meno. Kompresa zikanyamaza zote kwa mpigo, na kama hujawahi kukaa chumba cha kompresa hujui ule ukimya unatisha kuliko kelele, feni ikaanza kuvuma, kila kitu chekundu. Na ubongo wangu, nawaapia, ukapiga hesabu hii: baipasi nimeweka, kwa hiyo king'ora hakiwezi kuwa changu, kwa hiyo amonia imevuja kweli. Wakati gesi ninayo mkononi! Namba nimeisoma mwenyewe inapanda! Ile akili iliyosoma 35 na ile iliyosikia king'ora hazikukutana kabisa, kila moja ilishika njia yake.

Na mimi nikashika yangu. Ngazi sikuishuka, ngazi ilinishusha. Hapo katikati ndo kulikuwa na bega la dogo, nikalitumia, asante dogo. Kikombe nikakiacha kwenye sensa. Chupa nikaiacha imening'inia kwenye ngazi, regyuleta iko wazi. Na barakoa, ile ya shingoni, ikaendelea kukaa shingoni.

Halafu nikapiga kelele. Hapa ndo natamani mngenisamehe. King'ora peke yake labda wale akina mama wangesema fundi anajaribu vitu vyake. Ila mi nilipita katikati ya ukumbi wa kuchunia nikilia "AMONIA! AMONIA IMEVUJA! TOKENI!" kwa sauti ambayo baadaye mzee mmoja wa stoo alisema alidhani ni mama mjamzito.

Watu wakatoka. Na walitoka vizuri, nilivyowafundisha, wakaangalia upepo, wakaenda upande wa ziwani kwa utaratibu. Kiwanda kizima kilielekea ziwani. Mtu mmoja tu alikimbilia getini.

Pale getini kuna mlinzi, na mnajua viwanda vya sangara na mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, bondo ni dhahabu, hatoki mtu hajapapaswa. Nafika nahema, "Afande fungua, gesi!" Afande hata hakuinuka haraka. "Nyoosha mikono." "Afande, tutakufa!" "Nyoosha mikono, geuka." Nikanyoosha mikono. Nikageuka. Nikapapaswa kiuno, nikapapaswa miguu, nikavuliwa buti la kushoto likakung'utwa, na kule ng'ambo ya uwanja kiwanda kizima kimesimama kando ya maji kinaniangalia fundi nimeinua mikono king'ora kinalia. Afande akafika shingoni akaishika ile barakoa. "Na hii ya nini?"

Sikuwa na jibu wakuu. Mpaka leo sina.

Nikarudi kwa miguu, mbele ya watu wote, uwanja ule ni mrefu kuliko unavyoonekana. Nilipofika, yule mama wa asubuhi akanisogezea nafasi akasema kwa upole kabisa, "Mwanawane, njoo, huku ndo upepo unatokea." Wengine walikuwa wanakohoa. Kuna kaka alisema macho yanamuwasha, mwingine akasema harufu imemfika mpaka tumboni, na mi nikakohoa pia, nikaanza kuisikia harufu kabisa.

Tukakaa pale karibu dakika hamsini. Mhandisi wa friji wa kiwanda, mzee mtulivu sana, alikuwa kwenye paneli, ipo ofisi ya nje, akaniita. "Kijana, huu mvujo siuelewi. Ulipanda ukafika 49, ukatulia hapo hapo. Haupandi wala haushuki. Amonia ikivuja inacheza, hii imekaa kama imepangiwa chumba." Akanyamaza. Akaangalia kale kataa ka baipasi kwenye chaneli ya 3. Akaangalia selotepu yangu. Akauliza, "Hiyo chupa yako ya majaribio ni ya ppm ngapi?"

Nilijua. Magoti yalijua kabla yangu.

"Hamsini, mzee."

Hakucheka, ningeomba angecheka. Na tukiwa tumesimama pale namba ikaanza kushuka yenyewe, 49, 40, 22, kwa sababu chupa ilikuwa imeisha. Baadaye nyumbani nilipiga hesabu nikiwa nimelala chali: chupa hiyo ikijaa inabeba lita 58, kwa 50 ppm amonia yenyewe iliyomo haifiki hata mililita 3. Na yangu ilikuwa chini ya nusu. Yaani kiwanda kilikimbia gesi ambayo ungeiweka kwenye kijiko cha chai kingebaki na nafasi ya sukari. Na wapo waliokohoa, mi nikiwemo.

Mengine ni mafupi: kompresa zikawashwa, samaki hawakuharibika, selotepu nimebandika upya mchana kweupe, meneja kasema tutaongea, chupa nimelipa mwenyewe, dogo nimemnunulia dawa ya kuchua na bado akaenda kurekodi. Na niseme na hili, ditekta ilifanya kazi sawasawa, 49 kwa gesi ya 50, hamtapata fundi wa kuwafungia vizuri zaidi ya hapo, ingawa hilo kwenye voisi halimo.

Jumatano narudi kupima zile chaneli zilizobaki. Mlinzi keshatuma salamu kupitia dogo, anauliza nitapitia kwake tena au safari hii naenda na wenzangu.