Chuma Ulete Mwenye Kope

Hakuna nyoka. Naanza na hilo kwa sababu shoga yangu mmoja, anajijua, amerusha sauti ya dakika nne kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Mwanza kuanzia Igoma mpaka Pasiansi, anadai joka limeruka kutoka kwenye sanduku la kikoba chetu, sebuleni kwangu Kitangiri, na mimi nikapanda juu ya friji huku nikiita jina la mwanaume asiyejulikana mtaani. Juu ya friji sikupanda. Nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa na sababu. Na huyo mwanaume ni Mwananchi, ambaye hata huo uanaume wenyewe bado haujathibitika.

Mliomzoea Mwananchi humu ruka aya hii. Wapya: ni mjusi chui, mjusi wa kufugwa ndani, kwao asili ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, huko kwenye mawe na ukame. Kuna mama mmoja mgeni alikuwa anakaa Capri Point, nilikuwa nawafundisha wanawe Kiswahili. Aliporudi kwao akaniachia mjusi, boksi lake la kioo, na karatasi mbili za maelekezo zilizoandikwa mbele na nyuma. Bado mtoto. Madoa ya chui hayajatoka, kwa sasa ana mikanda ya njano na nyeusi, na ukoo wetu wote ni Yanga, timu ya Wananchi, kwa hiyo suala la jina halikuchukua muda. Kaka yangu, ambaye alipotelea Simba, anamwita Refa.

Sasa sanduku. Wenye vikoba mnajua utaratibu: kufuli tatu, funguo wanazo kina mama watatu tofauti, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Mtunza sanduku ndiye mimi. Kazi yangu ni kulificha, nikalificha nyuma ya friji, mahali ambapo mwizi anayejiheshimu hapeleki mkono kwa vumbi lililopo. Kumbe nyuma ya friji pana joto, pana giza na pamebana, na ukimuuliza mjusi chui anatafuta nini hapa duniani atakutajia hayo hayo matatu. Tena mimi nilikuwa nimeshamtengenezea vyote! Upande mmoja wa boksi una mkeka wa umeme kwa chini, nyuzi joto 32, na kibanda cha kulalia. Upande wa pili kibanda cha ubaridi. Katikati kibanda chenye tishu mbichi za kumrahisishia kujivua ngozi. Mjusi ana vyumba vitatu. Mimi nina chumba na sebule.

Alhamisi usiku nilipomaliza kumlisha, kifuniko hakikukaa sawa. Ijumaa asubuhi boksi tupu.

Nikamtafuta nyumba nzima. Huyu si mjusi kafiri, vidole vyake vina kucha tu, havina ile nata ya kupandia ukuta, kwa hiyo darini sikuhangaika napo. Nikapekua chini ya kitanda, ndani ya viatu, kwenye ndoo ya dona. Kwenye sanduku sikuangalia, na hapo naomba mnielewe: lina kufuli tatu! Ni kweli ile kona ya nyuma imepinda tangu mpwa wangu alipoligeuza kiti, na pana upenyo wa kupitisha kidole gumba. Mshaelewa tunakoelekea.

Jumamosi saa tisa mchana wakaanza kuingia. "Mwadila mayu," "mwadila," nami naitikia macho yakiwa sakafuni. Nikawaomba wavue viatu nje na wakanyage taratibu, eti nimetoka kupiga deki. Mwenyekiti akaangalia sakafu, kavu na vumbi lake, akaniangalia mimi, akapita. Huyo mama ana hekima.

Lakini hali ya hewa ya kikundi haikuwa nzuri. Kikao kilichopita hesabu ilipungua 12,000. Tulihesabu mpaka giza likaingia, tukarudia kwa tochi za simu, 12,000 haipo. Tangu hapo neno "chuma ulete", ule uchawi wa kuvuta hela za watu, likawa linatembea kule Mwaloni kwenye dagaa, halina jina la mtu, ila kila likikaribia jina langu lilikuwa linapunguza mwendo.

Haya, twende taratibu hapa, maana hapa ndipo nilipofia.

Kufuli ya kwanza ikafunguka. Ya pili ikafunguka. Ya tatu ina kutu, ikabidi iwekwe mafuta ya kula. Mhazini wetu akafunua. Huyu mama anauza sangara, mikono imeshazoea miiba na barafu, sijawahi kumwona akishtuka. Akatoa mabunda, akayapanga. Akasogeza mfuko wa jamii. Akalowesha kidole kwa ulimi, akanyanyua daftari la hisa.

Chini ya daftari, juu ya noti za elfu kumi, Mwananchi alikuwa amejilaza. Akafumbua macho. Akamtazama mhazini. Akafumba jicho moja, akalifumbua.

Jamani, mjusi kafiri hana kope. Jicho likiingia vumbi analilamba kwa ulimi na maisha yanaendelea. Mjusi chui anazo, zinafunga na kufunguka, ni mmoja wa wachache kwenye ukoo wao waliojaliwa. Mimi hilo nalijua, limeandikwa karatasi ya kwanza. Mhazini hana karatasi.

"Kananikonyeza," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya mapato.

"Nini?" mwenyekiti akauliza.

"Kako kwenye hela. Kananikonyeza."

Kabla hatujaelewa, mkia ukanyanyuka. Ukaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, polepole.

"Na sasa kananipungia."

Nikaishiwa nguvu. Mjusi chui akiunyanyua mkia na kuupunga polepole namna ile, hamsalimii mtu, anakuonya usisogee. (Ukitikisika harakaharaka kule nchani, hiyo ni furaha ya kuona nyenje. Msichanganye mambo mkija kufuga.) Nikafungua mdomo kusema "mama usimguse, ataumia". Badala yake kikatoka kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nafunika uso na mto. Nikasema, kwa nguvu, mbele ya kikundi kizima:

"Msimguse huyo! Ni wa kwangu!"

Vichwa zaidi ya ishirini vikageuka. Sitawaelezea nyuso.

Mhazini akashusha daftari. Sidhani alikusudia kuua, mkono ulijiendea, na daftari likatua kwenye mkia. Mwananchi akapiga ukelele. Ndiyo, mjusi chui akiwa mtoto anapiga kelele, kasauti kembamba kanakotoboa, na kwenye sanduku la bati kalipata mwangwi. Halafu akaenda zake kushoto. Mkia haukwenda naye.

Sijui kama mmewahi kuona. Mkia ulioachwa haujui kwamba umeachwa. Ulirukaruka juu ya zile noti kama dagaa aliyetoka wavuni sasa hivi: ukamchapa tembo wa elfu kumi, ukahamia kwa kifaru wa elfu tano, ukamrukia Baba wa Taifa kwenye buku, na simba wa elfu mbili huyo ukamchapa na kurudia, damu ya Yanga haifichiki. Damu ya kweli haikuwepo, labda tone, maana mishipa pale hujibana yenyewe. Mkia unacheza kwa dakika kadhaa, na ndiyo kazi uliyoumbiwa: adui ashangae mkia, mwenyewe asepe. Ukafanya kazi vizuri mno. Wanawake wazima, wenye mikopo na marejesho, wameganda wanautazama, na mwenye mkia amekatiza katikati ya miguu yao bila kusumbuliwa na mtu, akarudi nyuma ya friji.

Mimi nikamfuata. Kwa magoti.

Huku nyuma mama mchungaji, mwanachama wetu mwenye hisa nyingi, akawa ameshasimama, mkono mmoja umeelekezwa sandukuni. "Toka!" akanguruma. Nami nimeingiza kichwa kati ya friji na ukuta, mwili uliobaki nimewaachia wajumbe, namwambia Mwananchi kwa upole, "Toka, baba, toka." Yeye: "Nimesema toka!" Mimi: "Toka basi, usiogope." "Toka na usirudi tena!" "Njoo kwa mama, Mwananchi, toka taratibu." Hatukupangana. Lakini waliokuwa nje ya dirisha (na dirisha lilishajaa) walisikia maombi ya kupokezana, mmoja anafukuza, mwingine anabembeleza, kiumbe kilekile. Shoga yangu wa sauti ya dakika nne wakati huo alikuwa ameshafika barabarani pekupeku, kwa hiyo mengine yote anayowasimulia aliyaona kwa macho ya imani.

Nikatoka na mjusi viganjani, utando wa buibui kichwani. Mkia bado unacheza. Mwenyekiti akaniambia, "Kaa chini, mwanangu," nikakaa.

"Hiki kiumbe unaishi nacho?"

"Ndiyo, mama."

"Kinakula nini?"

"Wadudu, mama. Ila lazima wawe hai." Nikaona niongeze uwazi. "Nawapaka unga mweupe kwanza."

Ni madini ya chokaa, ndugu zangu! Ya mifupa! Asipopewa, mifupa inalainika na miguu inapinda. Lakini nani atakusikiliza mpaka ufike kwenye mifupa.

"Saa ngapi unakilisha?"

"Jua likizama, mama. Mchana huwa kimelala."

"Na ngozi ya hivi ndiyo yake?"

"Huwa anaivua. Halafu anaila mwenyewe."

Mtu nyuma akasema "Yesu wangu."

"Na huu mkia?"

"Utaota mwingine."

"Mtakaa naye mpaka lini?"

"Wanaishi miaka 15, mama. Wengine wanafika 20."

"Mkataba wa miaka ishirini," sauti ileile ya nyuma ikatafsiri kwa wasiosikia.

"Na nani alikupa?"

"Mgeni mmoja. Ameshaondoka nchini."

Naapa kila jibu lilikuwa la kweli, limo kwenye zile karatasi, na kila jibu lilinizamisha zaidi. Ningejua ningesema nimemwokota juu ya mawe, mbona Mwanza mijusi ya mawe yenye vichwa vya pinki na miili ya bluu inapiga pushapu kila nyumba na hakuna anayeitwa kikaoni kwa ajili yao?

Yaliyobaki niyapitishe haraka. Sanduku likamwagwa lote mkekani kutafuta kama kuna wengine. Hawapo. Kilichopatikana ni kinyesi kidogo kwenye kona moja, maana hawa wanachagua kona ya choo na hawahami, na Mwananchi alikuwa amechagua juu ya mfuko wa jamii. Mfuko ukageuzwa nje ndani ili ufutwe, na kwenye mshono zikadondoka noti mbili zilizokunjwa, ya elfu kumi na ya elfu mbili. Ile 12,000. Mhazini akaishika kwa ncha za vidole, akaiweka chini, akaishika tena.

Tangu hapo kikundi kina vyama viwili. Chama cha kwanza kinasema kalichukua na kamerudisha kwa nguvu ya maombi, na mama mchungaji hajakanusha. Chama cha pili kinasema kalikuwa kanalinda, na mwanachama mmoja amenifuata jioni kuuliza kama kanaazimwa kwa wiki moja kakae dukani kwake. Sanduku limehamia kwa katibu. Hajaoa, hana friji.

Mwananchi anaendelea vizuri, msijaze maswali. Nimemtandikia tishu safi, mchanga sitaki hata wa ziwani, kwanza unaingia kwenye kidonda, pili akiumeza unaweza kumziba tumbo. Nimemwacha apumzike bila kumshikashika. Anakula sana kwa sababu ghala lake la mafuta lilikuwa kwenye mkia. Mpya utakuja mfupi, mnene, hauna zile pingili za wa kwanza, na uzuri wake ndiyo basi. Watoto wa jirani wananiletea nyenje kwa foleni, nami nawapima mlangoni: nyenje asizidi upana wa kati ya macho yake mawili. Mmoja aliniletea panzi mkubwa kuliko mjusi mwenyewe akataka alipwe.

Kilichobaki ni faini yangu. Katiba ya kikundi ina faini ya kuchelewa, ya simu kuita na ya kupiga soga hesabu zikiendelea, haina ya mjusi. Mwenyekiti amependekeza vipengele viwili: kuingiza mdudu kikaoni 2,000, kuingiza mnyama 10,000. Jumamosi ajenda ya kwanza ni kupiga kura Mwananchi ni mdudu au ni mnyama, na nimeshaanza kampeni za mdudu nyumba kwa nyumba. Mama mchungaji anataka kiongezwe kipengele cha tatu, na hicho sitaki hata kukisikia.