Deni la mwezi ambao gari la taka halikupita

Gari la taka liliporudi mtaani kwetu hapa Arusha, mwanzoni mwa Mei, nyuma yake alitembea kijana wa mzabuni na mashine ya kukatia risiti, akigonga geti kwa geti. Alidai miezi miwili: Mei iliyokuwa imeanza, na Aprili ambayo gari halikuonekana hata siku moja. "Shikamoo mama. Mfumo unaonyesha unadaiwa elfu nne," alimwambia jirani yangu. Mama alimwonyesha doa jeusi chini ya ukuta, pale viroba vilipolala mvuani mpaka vikaanza kuvuja. Akalipa elfu mbili za Mei. Jina lake likaandikwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Orodha hiyo ndiyo inayonisukuma kuandika. Huduma ya taka ikiyumba katika miji yetu, maelezo huwa hayohayo: wananchi hawalipi, mzabuni hana fedha ya mafuta, gari limelala. Maelezo hayo si ya uongo. Mzabuni wa kata anaishi kwa ada anazokusanya, na dizeli hainunuliwi kwa ahadi. Gari likiharibika giaboksi, wengi wao hawana la pili, na kutoka mitaani mpaka dampo la Muriet kila safari ina gharama yake. Tena asiyelipa hajidhuru peke yake. Taka zake zitatupwa usiku korongoni, mvua itazisomba mpaka mtoni, na aliyelipa atavuta harufu ileile. Halafu mji wenyewe umefura. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Ni watu laki mbili zaidi ndani ya miaka kumi, na kila mmoja ana maganda yake ya ndizi.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kwamba yule mama ni mkaidi.

Tazameni alichofanya Aprili. Wiki ya kwanza alisubiri. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni za kuoza: maganda, majani, mabaki ya chakula. Kwa mvua ya masika, siku ya tano tu salfeti haibebeki, na funza wameshaanza kupanda ukutani. Jumamosi akapita kijana na mkokoteni. Elfu moja kwa salfeti. Mama akatoa. Jumamosi iliyofuata akatoa tena, na tena, na tena. Mwezi ulipoisha alikuwa ametumia elfu nne, mara mbili ya ada anayoambiwa hataki kulipa. Alizitoa taslimu, bila mgambo, bila barua ya mtendaji, bila kutishiwa faini. Geti la kushoto kwake walifanya hivyo, na la kulia pia. Nimeigeuza hesabu hiyo kichwani kwa wiki kadhaa na kila mara inanipa jibu moja: mtaa wetu una fedha ya taka na una nia ya kuitoa. Unaitoa pale unapoona salfeti ikipakiwa na kuondoka.

Sisemi mkokoteni ndiyo dawa. Kijana yule hawezi kuusukuma mpaka Muriet. Alimwaga alikoweza, na sikupenda nilipopaona. Wapangaji wa vyumba vya uani ambao hata hiyo elfu moja hawakuwa nayo walisubiri giza likaingia. Korongo la nyuma yetu lilijaa ndani ya wiki tatu. Kwa hiyo mama alilipa kijana, akaishi na harufu ya korongo, kisha Mei akadaiwa ada ya Aprili yenyewe.

Wanaodhani kila kitu kinaanzia kwenye makusanyo waangalie Birmingham, Uingereza. Kule huduma ya taka imo ndani ya kodi ambayo kaya hulipa halmashauri. Machi 2025 wazoaji waligoma bila kikomo kwa sababu ya kuondolewa kwa nafasi mojawapo ya kazi kwenye magari, na mwezi ulipoisha tani zipatazo 17,000 zilikuwa zimerundikana mitaani. Wakazi walikuwa walipa kodi. Kilichokatika kilikuwa juu yao, mahali ambapo mkono wao haufiki.

Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeiweka kazi ya taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Halmashauri inaweza kumpa mzabuni kazi hiyo, lakini haiwezi kumhamishia wajibu. Kama kuna la kujifunza baada ya mwezi kama ule, lianzie kwenye mfumo wa madai. Leo mfumo unahesabu kaya. Haujui kama gari lilipita. Mtendaji wa mtaa asaini kila safari, na mwezi usio na safari usidaiwe. Najua hofu iliyopo: kila mtu atadai gari halikuja. Ndiyo maana nasema asaini mtendaji, si mimi wala mzabuni. Ipo na hofu nzito zaidi, kwamba mzabuni aliyeharibikiwa gari, akikosa na ada, ataikimbia zabuni. Hilo ni kweli, na halina jibu rahisi. Gari la akiba, la halmashauri au la kukodi, liwe sharti la mkataba kabla halijaharibika la kwanza, na gharama yake ijulikane tangu mwanzo, hata kama itapandisha ada kidogo. Na vijana wa mikokoteni waandikishwe, wapewe kizimba ambacho gari litafika, ili wasimwage korongoni.

Jumamosi iliyopita gari lilipita saa tatu asubuhi, honi ikilia mtaa mzima. Mama alitoa salfeti moja. Ya pili aliiacha nyuma ya geti. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anamwekea yule kijana wa mkokoteni. "Aprili alikuja," akasema, akarudi ndani.