Ukifuata ngoma Kusini, fuata mavuno, si bango

Swali huwa ni lilelile: tamasha la Mtwara ni lini? Kana kwamba ngoma za Kusini mwa Tanzania zimefungiwa siku moja yenye jukwaa na spika. Matamasha ya jukwaani yapo. MaKuYa, jina lililofinyangwa kutoka Wamakonde, Wamakua na Wayao, lilianza Mtwara mwaka 2008 na limewaonyesha wengi ngoma wasizopata kuziona. Lakini jukwaani kila kikundi kina dakika zake, zikiisha kinateremka, na sindimba ya Wamakonde si ngoma ya kuchezwa kwa saa ya mkononi. Mwenye nauli ya safari moja tu, mimi namshauri apande Tandahimba au Newala mwezi Juni au Julai mwanzoni, akaone wali, yaani vijana waliotahiriwa na kufundwa, wakitoka jandoni.

Kwa nini Juni? Huku mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Ikifika Juni chakula kiko ndani, na sherehe ya jando ni ya kulisha watu; mwaka wa njaa hupunguza ngoma hata kama vijana wa kutahiriwa wapo. Wenye mikorosho wameshaanza kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, lakini kazi ile ni ya alfajiri, jioni mtu yuko huru. Zamani wali walikaa likumbini, kambi ya jando, miezi. Siku hizi ratiba inashikwa na shule, kwa hiyo mambo husongamana kwenye likizo ya Juni na ile ya Desemba. Ya Desemba iacheni: mvua zimeingia, na njia za udongo za uwandani zinateleza hadi bodaboda wanazikataa.

Bango hutaliona. Fika siku moja kabla, uliza sokoni au kijiwe cha bodaboda ni kijiji gani wanatoa wali, kisha ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji. Mpigie hodi kabla hujatoa simu ya kupigia picha, si baada. Siku huweza kusogezwa kwa sababu ya msiba au kwa kuwa mjomba fulani hajafika, kwa hiyo acha siku mbili za ziada. Beba sweta pia. Watu hufungasha nguo za joto la Mtwara mjini, kisha usiku wa Newala unawatetemesha.

Ngoma huanza usiku na hukesha. Mgeni hukosea hapa: anaona wapigaji wamenyamaza, wamewasha moto wa majani, anadhani mambo yamekwisha, anakwenda kulala. Kumbe ngozi zimelegea kwa umande, zinapashwa ili zikaze na kurudisha sauti. Itatokea mara kadhaa kabla hakujakucha. Sikiliza vinganga, vile vidogo vya sauti kali vinavyopigwa kwa fimbo nyembamba. Vikirudi, na wachezaji wanarudi. Asubuhi wali hutoka na nguo mpya juu hadi chini, miwani ya jua, mwavuli, na ndugu wanatuza. Uwe na noti za elfu moja na elfu mbili. Noti ya elfu kumi haina chenji uwanjani, na kutuza mara moja kisha kukaa kimya hakupendezi kama kutuza kidogo kidogo.

Ukibahatika utaona lipiko, mchezaji wa kinyago. Kinyago chake huvaliwa kichwa kizima, na mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima asijulikane. Huchongwa kwa mti mwepesi, maana mtu anachezea nacho; kile cha mpingo unachouziwa mjini ni cha kuweka kabatini, shingo haikibebi. Usiulize ni nani yumo ndani. Wanawake na wasiopita jandoni hawatakiwi kujua, na kumtaja mtu kwa jina hadharani ni kuvunja mchezo wote.

Unyago wa wasichana una mipaka mikali zaidi. Mafunzo ya kungwi ni ya ndani, na mgeni hana tiketi ya kuyaingia, hata akiwa mwanamke. Siku ya kuwatoa wali ndiyo ya watu wote. Anayekuahidi kukuingiza ndani kwa hela anakudanganya, au anawavunjia heshima wenye shughuli.

Hayo ndiyo makubwa. Nane Nane ya Kanda ya Kusini hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Nenda tarehe 5 au 6, kwa sababu tarehe 8 ni vumbi na migongo ya watu. Maulidi ya Mikindani na Kilwa Kivinje yanafuata Mfungo Sita, na kila mwaka hurudi nyuma kama siku kumi na moja, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikusaidii kitu. Burudani za Desemba ufukweni Msangamkuu ni nzuri kwa pweza na muziki; muhimu ni kujua kivuko cha mwisho cha kurudi mjini ni saa ngapi.

Oktoba ina ladha yake: mabibo yamejaa na minada ya korosho imeanza. Vaa nguo usiyoionea huruma, kwani doa la bibo halitoki. Wala usiing'ate korosho mbichi kuimenya, mafuta ya ganda lake yatakubabua midomo. Wakulima wakishalipwa, harusi hufuatana na gesti za Masasi na Newala zinajaa, hivyo piga simu ushike chumba mapema.