Ishirini Yangu Naikubali, Themanini Nampa Nani?

Haya, kosa ni langu. Kila kinachoungua nchi hii mwenye kosa ni mnunuzi, basi leteni hiyo karatasi nitie dole gumba tuyamalize. Ekstensheni imenyauka kama jani la mgomba lililopitiwa na moto, birika la umeme halishiki tena, ukutani pana doa jeusi, na ukirudi dukani unaelekezwa juu, kwenye kibao: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kibao kina fremu na herufi nyekundu zilizonyooka. Ndicho kitu pekee mle dukani kilichotengenezwa kwa uangalifu.

Kisha shauri linaanza. "Ulichomeka nini, bosi?" Birika. "Birika peke yake?" Hapo ukisema na pasi, umekwisha. Muuzaji anawageukia wateja wengine kama wakili aliyepata ungamo: "Mnamsikia?"

Sawa, tupige hesabu. Ekstensheni imeandikwa 13A, yaani ampea 13. Umeme wetu ni volti 230, zidisha, unapata wati 2,990, na hapo ndipo mwisho wake. Birika linakula wati 2,200, yaani ampea 9.6. Pasi wati 1,200, ampea 5.2. Jumla 14.8. Nimevuka. Kwa ampea karibu mbili mimi ni mkosaji, kofia naivua.

Lakini na wewe muuzaji usiondoke. Ampea 14.8 haziyeyushi ekstensheni ya kweli kwa muda wa kunyoosha mashati mawili. Watu wanadhani fyuzi ya 13 ni askari wa getini, ukifika 14 anakufukuza. Wapi! Fyuzi halali ya 13, ile yenye maandishi BS 1362 ubavuni, inavumilia hata ampea 20 kwa zaidi ya nusu saa. Imewekwa kuuokoa waya siku ya shoti, haikuwekwa kumfundisha mtu adabu ya pasi. Na waya unaostahili kuitwa wa 13A, wenye milimita za mraba 1.25, mzigo huo ungeupokea kwa kupata uvuguvugu tu.

Sasa chukua bisibisi umfungue marehemu. Kwenye plagi fyuzi hakuna. Pana kipande cha bati kilichokunjwa kwa umbo la fyuzi. Aliyejua umbo lake alijua na kazi yake, huyo msinitetee. Waya kwa nje mnene kama kidole gumba, lakini unene wote ni mpira, ndani mna vinyuzi unavyoweza kuvihesabu kabla chai haijapoa. Kwangua kimoja kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani cheupe. Alumini iliyopakwa shaba, ambayo kwa unene uleule hupitisha umeme kwa theluthi mbili hivi ya uwezo wa shaba. Ukisogeza sumaku ikanasa, basi hata alumini umenyimwa, umepewa chuma. Waya wa kijani na njano, ule wa ethi unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, haupo kabisa. Tundu la ethi lipo, lakini ni pambo.

Kuna alama moja isiyohitaji bisibisi, na hii nakiri tunaipita kila siku. Plagi zetu hizi za miguu mitatu, miguu miwili ya pembeni huvalishwa soksi za plastiki nusu ya urefu, ili plagi ikichomoka kidogo kidole kisiguse umeme. Mguu mrefu wa ethi hautakiwi kuvaa soksi, maana kazi yake yote ni kugusana chuma kwa chuma. Waigaji wanavisha yote mitatu, nadhani kwa kuona haya. Ukiona mguu wa ethi una soksi, rudisha kitu rafuni uende ukanunue maandazi.

Tena moto wenyewe mara nyingi hauanzii kwenye waya. Unaanzia pale vibati vya soketi vinapoukumbatia mguu wa plagi. Vibati vizuri vinabana mpaka ukichomoa unatumia nguvu. Vya bandia vinalegea mapema, plagi inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Hapo palipolegea, ukinzani, yaani kile kinachouzuia umeme kupita, wa oumu 0.1 tu kwa ampea 10 ni wati 10 za joto, mahali padogo kama punje ya haragwe. Plastiki ikianza kuiva, mara nyingi inatoa harufu ya samaki. Si utani, baadhi ya plastiki za umeme zikipata joto hunuka samaki. Sasa nenda kamwambie mtu wa Temeke, saa moja jioni, kwamba harufu ya samaki ni dalili ya hatari. Nyumba inaungua, watu wanameza mate: "Jirani leo kapata changu."

"Lakini tuliijaribu mbele yako, bosi, si iliwaka?" Iliwaka, ndiyo. Mliijaribu kwa taa ya wati 9, ambayo ni ampea 0.04. Huko ni kumpima punda wa mizigo kwa kumtua nzi mgongoni.

Na ujanja wa jaribio hilo haupo kwenye taa, upo kwenye sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, na ya Kenya vilevile, zimetoka kwenye ile ya Waingereza ya 1893. Inasema mfanyabiashara wa kitu fulani huhesabiwa kuwa ameahidi, hata kama hakufungua mdomo, kwamba kina ubora wa kuuzika. Halafu inaweka kamba: ukishakikagua mwenyewe, usije kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Sawa. Soksi ya ethi iko nje, niandikieni mimi. Lakini alumini iliyolala ndani ya mpira, nilitakiwa nije dukani na wembe nichane waya mbele ya mwenye duka? Ningetoka na ekstensheni au ningetoka na polisi?

Mambo haya yalishakwenda mbali kwa sababu ya konokono. Mwaka 1928, Paisley huko Scotland, mama mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake mkahawani. Chupa nyeusi, huoni ndani. Kanywa, rafiki akimimina iliyobaki, ikaelezwa, akatoka konokono aliyeoza. Mama hakuwa na mkataba na mtu yeyote, hata hela ya soda haikuwa yake. Mwaka 1932 majaji wa London, watatu dhidi ya wawili, wakasema mwenye kiwanda anayefunga kitu kisichoweza kukaguliwa njiani anawajibika kwa mnywaji wa mwisho. Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani: mwenye kiwanda alifariki, kesi ikamalizwa nje. Lakini wanafunzi wa sheria mpaka leo wanamkariri yule mdudu kama mjomba wao. Mpira wa ekstensheni ni chupa nyeusi, sioni tofauti.

Hapo ndipo watu wa barazani wanapodakia. "Na wewe unataka kuwa kama yule bibi wa Marekani, kajimwagia kahawa kapewa mamilioni!" Wanacheka, kila mmoja kashika kikombe kisicho na mkono, kahawa imetoka kwenye dele lililokalia makaa. Wanachosahau ni kwamba kikombe hicho kina mafunda matatu, na anayekunywa ametulia, hana haraka na mtu.

Bibi yule, Stella Liebeck wa Albuquerque, alikuwa na miaka 79. Februari 1992 alinunua kahawa ya senti 49 ya McDonald's akiwa abiria, na gari lilikuwa limesimama. Akabana kikombe kati ya magoti, akavuta kifuniko atie sukari na maziwa, kikamwagika chote, na suruali yake ya kitambaa laini ikaifyonza na kuishikilia ngozini. Kahawa iliuzwa ikiwa na nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Joto hilo halikupi hata nafasi ya kusema "uwii": ngozi inaungua hadi chini kabisa ndani ya sekunde chache. Alilazwa siku nane, akapandikizwa ngozi. Akaomba kampuni dola 20,000, ikampa ofa ya 800. Mahakamani ikajulikana kwamba ndani ya miaka kumi kampuni ilishapokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuunguzwa, na joto likabaki palepale.

Sasa sikieni hesabu ya wale wananchi 12 waliosikiliza kesi mwaka 1994, maana mimi ndiyo inayoniliza. Walisema: bibi, asilimia 20 ni yako, kifuniko ulikivuta mwenyewe. Themanini ni ya kampuni. Fidia ya 200,000 ikakatwa ikawa 160,000. Adhabu ya milioni 2.7 waliyoongeza, sawa na mauzo ya kahawa ya kampuni kwa siku mbili hivi, jaji akaishusha hadi 480,000, kisha pande mbili zikapatana kwa siri. Hayo mamilioni ya barazani jaji mwenyewe aliyapiga panga.

Ishirini kwa themanini! Kwetu mizani ina sahani moja, nayo imekalia kichwa cha mnunuzi. Na tunaongezea wenyewe. Muuzaji akikwambia "bila risiti nakupunguzia elfu mbili, bosi," unafurahi kama umeokota. Elfu mbili hiyo ndiyo bei ya kesi yako: bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ukienda Tume ya Ushindani au TBS, shirika la viwango, unakwenda kusimulia. Boksi lenye jina la mwagizaji tumelifanya kopo la vitunguu. Na ekstensheni iliyoungua, muuzaji akisema "iache hapa nimwoneshe aliyeniletea," tunaiacha. Huo ndio mwili wa marehemu, ndugu zangu! Ipige picha, tia mfukoni, rudi nayo nyumbani hata kama inanuka changu.

Halafu kuna hili la tundu la ethi, na hapa nasema kwa sauti ya chini. Matundu mawili ya umeme yana vijilango ndani, vinafunguka pale mguu mrefu wa ethi unapotangulia kuingia, ili mtoto akichomeka msumari akute pamefungwa. Sisi tuna chaja za miguu miwili, kwa hiyo tunachokonoa tundu la ethi kwa kalamu, vijilango vinafunguka, tunapachika, na kalamu inabaki imesimama pale wiki nzima kama bendera. Chaja inakaa kwa kulegea, na kulegea tumeshakusema. Hiyo ni asilimia ngapi, nawaachia majaji. Adapta ya miguu mitatu ipo, nunua. Na kama leo huna, na umeshindwa kabisa kujizuia, na mkononi una kijiti cha kiberiti, basi angalau kivunje kile kichwa kwanza.