Mabula haitwi "Asiyezaliwa Kiangazi"

Binti mmoja wa kidato cha sita alinifuata koridoni baada ya kipindi cha biolojia. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, ila swali la kweli huja kwa Kiswahili, mlangoni, kengele ikishalia. "Mwalimu, samahani. Hii RNA isiyotengeneza protini, sasa inafanya nini humo ndani?" RNA ni nakala inayotolewa kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Nikatupia jicho daftari lake. Alikuwa ameandika kichwa cha habari na kukipigia mistari miwili: RNA ISIYO NA KAZI.

Sikumlaumu. Jina ndilo lililompoteza. Ukimtambulisha mtu kwa kisichofanywa naye, wanaokusikia wanabaki na picha ya mvivu. Huku Usukumani mtoto akizaliwa mvua ikinyesha ataitwa Mabula. Nimefundisha akina Mabula wengi, na sijakutana hata na mmoja aitwaye Asiyezaliwa Kiangazi.

Tunachokaririsha watoto ni hiki: DNA inanakiliwa kuwa RNA ya ujumbe, ribosomu, yaani kiwanda cha protini, inausoma ujumbe, protini inapatikana, basi. Ndani ya habari hiyohiyo wamo RNA wengine wawili wasiotengeneza protini, yaani RNA ya ribosomu na RNA ya uhamisho. Hao walibahatika kupewa majina ya kazi zao, ndiyo maana hakuna mwanafunzi anayewadharau. Waliobaki wakasukumwa kwenye kapu moja, "isiyo na msimbo", yaani isiyobeba maelekezo ya kutengeneza protini.

Na kapu hilo lina gharama. Katika bakteria aitwaye E. coli kuna RNA iliyoonekana mwaka 1967, ikapewa jina la 6S kwa sababu ya jinsi inavyozama kwenye mashine ya kuzungushia sampuli. Ni kama kumwita mtu kwa uzito wake. Mpangilio wake ulisomwa 1971. Kazi yake ilijulikana mwaka 2000: chakula kinapopungua, hujifunga kwenye kimeng'enya kinachonakili DNA na kupunguza unakili wa jeni nyingi. Miaka 33 ilikuwa pale mezani, watu wanaiona, hawajui ni ya nini. Sisemi jina peke yake ndilo lililochelewesha, vifaa navyo vilikuwa duni. Nasema tu kwamba ukishakiita kitu "baki" huna haraka ya kukiuliza.

Ajabu ni kwamba kwa bakteria hata kisingizio cha "takataka za jeni" hakikuwepo. Kwa binadamu, sehemu ya DNA yenye msimbo wa protini haifiki asilimia 2, kwa hiyo ni rahisi kudhani mengine ni makapi. DNA ya E. coli karibu asilimia 88 ni msimbo wa protini. Huyo ni mpangaji wa chumba kimoja pale Mabatini, hapa Mwanza, hana stoo ya kuwekea mabovu. Akitunza kitu kisichotengeneza protini, ujue anakihitaji.

Lakini mfano ninaoupenda nimwachie yule binti ni wa kipindupindu, maana kwetu kanda ya ziwa ugonjwa huo si habari ya kitabuni. Kila mvua kubwa zinapoujaza Mto Mirongo na kusomba uchafu wa vilimani hadi ziwani, mama yangu huwa ameshabandika sufuria ya maji ya kunywa kabla gari la matangazo halijapita. Tumezoea kumfikiria mdudu huyu kama sumu inayosubiri kumezwa. Kumbe ni mpimaji mkubwa wa mazingira, na baadhi ya vipimo vyake ni vya RNA.

Kwanza joto. Bakteria akiwa kwenye maji ya nyuzi 25 hivi, hana sababu ya kutengeneza silaha za tumboni. Silaha hizo zinaamshwa na jeni iitwayo toxT. RNA ya ujumbe ya jeni hiyo ina kipande mwanzoni ambacho hakisomwi kuwa protini. Kwenye ubaridi kipande hicho hujikunja na kuficha mahali ambapo ribosomu ingetua. Kwenye nyuzi 37, joto la mwili wako na wangu, mkunjo unalegea na ribosomu inatua. Kipimajoto kile hakina betri wala zebaki, ni uzi uliojikunja.

Pili idadi. Hapa ana RNA ndogo nne ziitwazo Qrr. Bakteria wakiwa wachache, Qrr hutengenezwa kwa wingi, na kwa msaada wa protini iitwayo Hfq huzuia kutengenezwa kwa protini nyingine, HapR. Bila HapR, bakteria wanajibandika kwenye ukuta wa utumbo na kushambulia. Wakishakuwa wengi, Qrr zinapungua, HapR inatengenezwa, mashambulizi yanazimwa na wao wanajibandua. Safari imeiva. Mgonjwa anaharisha maji meupe kama ya mchele, nao wanatoka humo kurudi mtoni. Vijidudu wengi hungoja wawe kundi ndipo washambulie. Hawa hushambulia wakiwa wachache, wakishakuwa wengi wanahama. Nikiwaza hilo nikiwa nimesimama juu ya daraja la Mirongo, choo kilichojengwa kandokando ya maji nakiona tofauti kabisa.

Kwa nini atumie RNA badala ya protini? Ni rahisi na ni haraka. Nyingi ni fupi, nyukleotidi (viungo vya mnyororo wa RNA) kati ya 50 na 500, na zikishanakiliwa ziko tayari, hazingoji ribosomu.

Mwenzangu wa ofisini, mwalimu wa kemia, alinipinga: jina ni sahihi, hazina msimbo, acha ushairi. Nikamjibu kwamba hata usahihi huo unavuja. RNAIII ya Staphylococcus aureus, yule wa majipu, inaongoza jeni kadhaa za ugonjwa, na humohumo ndani ina msimbo wa protini ndogo ya asidi amino 26. Tuiweke kapu gani? Alikoroga chai yake, akasema atafikiri.

Mimi napendekeza "RNA simamizi" kwa hizi za udhibiti. Nilitaka kusema "elekezi", nikakumbuka kuna RNA zinazoelekeza CRISPR, mkasi wa kukatia DNA, ule uliowapa wanasayansi Charpentier na Doudna Nobel ya kemia ya 2020, nikaona tutachanganyana. Yule binti naye alikuja na lake siku ya pili: "RNA mnyapara". Alifafanua kwamba mnyapara habebi zege, lakini asipokuwepo hakuna anayejua lini pamwagwe. Nililiandika ubaoni pembeni, na hadi Ijumaa wa zamu alikuwa hajalifuta.