Chokaa ikajaribiwe mbugani, si kwenye sinia la maabara

Mwanza inateremka kutoka milimani. Viwanja vya kwenye mawe vimejaa, na wanaojenga sasa wanaelekea mabondeni, upande wa Kisesa na Magu, ambako ndiko iliko mbuga: ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo wakati wa masika, kisha kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa. Nyumba yenye msingi wa futi mbili juu ya udongo huo huanza kuchanika kwenye kona ya dirisha, ufa wa mshazari. Fundi anauziba kwa saruji, na mvua zikirudi unafunguka palepale.

Kuchanganya udongo huu na chokaa ili usivimbe ukilowa ni mada iliyozoeleka katika miradi ya mwaka wa mwisho ya uhandisi ujenzi, na ni mada nzuri. Ninachopinga ni pale inapoishia. Udongo unachimbwa shimo moja, unakaushwa, unatwangwa na kuchekechwa kwa chekeche ya mikroni 425, ndipo unachanganywa na chokaa asilimia 2, 4, 6 na 8. Hapo udongo ni unga. Kila chembe inaguswa na chokaa, kwa hiyo uvimbaji unashuka vizuri na grafu inapendeza.

Kwenye kiwanja hakuna unga. Jembe linatoa mabonge ya ukubwa wa ngumi. Chokaa inamwagwa, inageuzwa kwa koleo mara mbili tatu, inashindiliwa. Chukua bonge moja la mchanganyiko huo, likate katikati kwa kisu, kisha udondoshee kimiminika cha finolfthaleni, kile kinachogeuka waridi kikikuta chokaa. Utaona duara jembamba la waridi pembeni, na ndani moyo mweusi vilevile. Ule moyo ndio utakaovimba mvua ikiingia. Asilimia 6 ya maabara na asilimia 6 ya kiwanjani ni vitu viwili tofauti kabisa, na mwenye nyumba anajengewa kwa ile ya pili.

Kwa hiyo duara lile la waridi ndilo lipimwe. Linanenepa milimita ngapi baada ya siku 1, siku 2, siku 4? Inajulikana kwamba chokaa ikichanganywa na udongo wenye unyevu na kuachwa siku moja au mbili, mfinyanzi hulegea na kumeguka, ndipo ugeuzwe tena kabla ya kushindilia. Lakini bonge la ngumi la mbuga yetu linahitaji siku ngapi, na je, plau la ng'ombe likipita mara tatu linatosha kulivunja? Hilo ni swali la utafiti, na vifaa vyake ni kisu, rula na chupa moja ya dawa.

Baada ya hapo kitengenezwe kitalu cha majaribio cha mita 3 kwa 3, unene sentimita 15. Ujazo wake ni mita za ujazo 1.35. Mbuga ikiwa na uzito mkavu wa karibu tani 1.4 kwa mita ya ujazo, udongo wote ni kama kilo 1,890, na asilimia 5 ya chokaa ni karibu kilo 95: mifuko 4 ya kilo 25. Pembeni yake kiwepo kingine kisichotiwa chokaa. Chokaa iwe iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji kiwandani ikawa unga, na mifuko iwe mipya, kwa sababu iliyokaa wazi hufyonza hewa ya ukaa na kurudi kuwa unga wa mawe usio na nguvu. Tone la siki linaonyesha: ikitoa povu jingi, imeshakufa. Anayechanganya avae glavu na miwani, maana inaunguza macho.

Vitalu viachwe kiangazi kizima, vuli, hadi masika iishe. Hapa ndipo kalenda ya chuo inapokwama, kwani mradi unapewa miezi michache. Basi kitalu kiwe mali ya idara, na mwanafunzi wa mwaka huu amkabidhi wa mwaka ujao daftari la vipimo. Sioni sababu ya kila kundi kuanza upya na shimo lake.

Shimo lenyewe lichaguliwe kwa kuuliza wenyeji. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kufuata mteremko: luseni ya kichanga juu karibu na mawe, itogolo yenye tabaka gumu chini yake, halafu mbuga bondeni. Geoffrey Milne aliutolea mpangilio wa namna hii wa Afrika Mashariki jina la katena mwaka 1935. Sampuli iliyoandikwa tu "udongo wa Mwanza" haimsaidii mtu.

Kupima kupanda na kushuka kwa ardhi hakuhitaji mashine ya bei. Zika vipande vya nondo ya milimita 12 kwenye kila kitalu, vimwagiwe zege kichwani. Weka alama kwenye jiwe kubwa lililo karibu, granaiti yetu haivimbi. Kila wiki mbili linganisha alama na nondo kwa mpira wa maji, ule mrija mwangavu uliojazwa maji ambao mafundi hupimia usawa. Mpira unaweza kukosea milimita chache, lakini mbuga inatembea makumi ya milimita, kwa hiyo utaiona. Siku hiyohiyo chota udongo kwa kina cha sentimita 30, 60 na 100, upime, ukaushe kwa nyuzi 105, upime tena, ili unyevu na mwendo viandikwe mstari mmoja.