Saratani ya kongosho: dhana ya kwanza si kosa

Saratani ya kongosho ikigunduliwa imeshasambaa, lawama humwangukia daktari aliyeanza kwa kutoa dawa za vidonda vya tumbo. Lawama hiyo ni ya haki nusu.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, huwezi kulipapasa. Uvimbe ukiota kwenye kichwa chake hubana mrija wa nyongo: macho yanakuwa manjano, mkojo unakolea, kinyesi kinapauka, ngozi inawasha. Hudhaniwa homa ya ini au mawe ya nyongo, lakini angalau mgonjwa hupimwa haraka. Ukiota mkiani, mrija haubanwi. Mgonjwa analalamikia chembe cha moyo na mgongo, basi.

Kwa maumivu hayo, vidonda vya tumbo ni vya kawaida kuliko saratani hii kwa mbali sana. Kumpiga kila mtu picha ya CT ni mionzi, gharama, na kuibua vivimbe visivyo na madhara. Tena lipo kosa la kinyume: kinga ya mwili ikishambulia kongosho, picha hufanana na saratani ilhali ugonjwa hutulia kwa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Wapo waliopasuliwa bure.

Kosa halisi ni kung'ang'ania. Dawa ya kupunguza asidi ya tumbo imetumika wiki kadhaa, maumivu yapo palepale, uzito unashuka, na bado anaongezewa dozi. Hapo aulizwe: maumivu huzidi akilala chali na kupungua akiinama mbele? Kinyesi kina mafuta na kinaelea? Kisukari kimeanza baada ya miaka 50 huku anakonda? Hili la mwisho hupuuzwa mno, maana kukonda husingiziwa kisukari chenyewe, au hata kupongezwa. Mwongozo wa Uingereza hauna ajizi hapa: mwenye miaka 60 au zaidi aliyepungua uzito, akiwa pia na mojawapo ya haya, kisukari kipya, maumivu ya tumbo au ya mgongo, afikiriwe kupigwa CT ndani ya wiki 2.

Vipimo navyo hupotosha. CA 19-9, kiashiria cha saratani hii kinachopimwa kwenye damu, hupanda hata mawe yakiziba mrija wa nyongo, na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa. Altrasaundi huzuiwa na gesi ya utumbo, hasa upande wa mkia. Ripoti ikiandika "kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi", kongosho halijapimwa, hata kama hitimisho chini yake linasema hakuna tatizo.